Nimnunulie ngazi, au nimzuie asipande?

Ndugu mshauri,

Naandika kutoka Kihonda, Morogoro. Mimi na mume wangu tumestaafu. Nyumba tunayoishi aliijenga mwenyewe kidogokidogo kila alipopata mshahara, anaijua kuliko fundi yeyote, na hapendi mtu mwingine aiguse. Tatizo langu ni ngazi. Tangu wakati wa ujenzi tunayo moja ya mirunda iliyogongwa misumari. Mwaka jana kidato kilichomoka akiwa anazibua gata, akaanguka na kuvunjika mkono. Nilidhani yameisha. Mkono ulipopona aligongelea kidato kipya, akaipaka ngazi nzima rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti, sasa anasema ni mpya. Kila maji ya mgao yakirudi anapanda kuchungulia tenki. Ana miaka 66, kilo 94, na anatumia dawa za presha. Asubuhi nyingine akiinuka kitandani hushika ukuta kwanza.

Kijana wetu aliyeko Dodoma ametuma pesa tununue ngazi ya kisasa. Nilikwenda dukani nikaonyeshwa tatu. Kuna ya alumini ya kuvuta kwa kamba. Kuna ya njano, nayo ya kuvuta, wanayoiita faibaglasi, ambayo bei yake imepanda zaidi. Na kuna nyingine ya alumini inayoingia ndani yake yenyewe kama antena ya redio, inabebeka hata kwenye gari dogo. Muuzaji alinisukumia hiyo ya tatu. Nyumba yetu si ghorofa, ila upande wa nyuma ardhi imeshuka. Jukwaa la tenki kwa kukisia lina mita 4, na waya wa umeme kutoka nguzoni unaingilia kwenye kona hiyohiyo.

Nimekwama. Nikimnunulia ngazi nzuri naona kama namfungulia njia ya kupanda zaidi. Nisipomnunulia atapanda ile ya mirunda. Nifanye nini?

Mama Zawadi

*

Mama Zawadi,

Pole sana. Kuishi na mtu unayempenda huku sikio lako likiwa uani muda wote, ukiogopa kusikia kishindo, ni mzigo ambao wageni wakija hawauoni. Swali lako la mwisho linastahili jibu lisilozunguka, kwa hiyo nalitanguliza.

Nunua. Nunua ile ya njano, ya faibaglasi, ya kuvuta, ya futi 20. Na Baba Zawadi asiipande, angalau kwa sasa. Utaniuliza ngazi ya nini basi, kama mwenyewe hapandi. Nitafika huko, maana ndipo penye jibu la barua yako. Nivumilie kwanza tuzungumze habari ya mirunda.

Ngazi ya aina hiyo mafundi huitengeneza kwa kazi ya miezi michache. Nyumba ikiisha, nayo imeisha. Mti wake mara nyingi huwa mbichi unapogongwa. Ukikauka husinyaa na kupasuka, na ufa hupenda kuanzia palepale msumari ulipopita. Kidato chake hakikuingizwa ndani ya nguzo, kimelala tu juu yake na kushikwa na misumari miwili au mitatu, na kila mguu unapokanyaga misumari ile inavutwa chini kidogo. Mvua inaingia kwenye tundu, kutu inakula chuma, mchwa wanakula mti. Ndivyo kidato cha mwaka jana kilivyochomoka. Kile kipya kimegongwa kwenye mti uleule wa zamani, na vidato vingine vyote vina umri sawa na kile kilichomwangusha.

Ile rangi ndiyo iliyonitia hofu kuliko yote uliyoandika. Ngazi ya mbao haipakwi rangi inayofunika mti, kwa sababu nyufa zake huonekana kwa macho tu, na rangi huziziba zisionekane. Anayetaka kuikinga na mvua huipaka vanishi isiyo na rangi. Kwa hiyo Baba Zawadi, kwa nia njema kabisa, ameondoa dalili ambayo ingeweza kumwonya. Siku ngazi mpya inaingia getini, hiyo ya mirunda ikatwe kwa msumeno vipande vifupi vya kuni. Usimgawie mtu, na msiiweke nyuma ya banda kwa ajili ya dharura. Ikibaki nzima kuna siku itapandwa, pengine na mtoto wa jirani aliyetumwa kuchuma maembe.

Sasa tazama ni kitu gani hasa kinachompandisha mzee wako. Kwa maelezo yako ni tenki kuliko gata. Gata huzibuliwa mara chache kwa mwaka, hasa kabla ya vuli na kabla ya masika, lakini tenki yeye analichungulia kila maji yanaporudi. Kazi hiyo haihitaji ngazi kabisa. Mwite fundi bomba anayekuja na ngazi yake, afunge tii kwenye bomba linalotoka chini ya tenki, aunganishe hapo mpira mwembamba unaopitisha mwanga, aupandishe wima ubavuni mwa tenki hadi juu ya kimo chake, mdomo wa juu ukiwa wazi. Maji yaliyo ndani ya mpira yatasimama usawa mmoja na maji ya tenki. Atumbukize ndani yake kipande kidogo chekundu kinachoelea, ili mtu aliye chini akiinua macho akione. Jua litauotesha mpira huo ukijani na kuufifisha, nanyi mtaubadilisha kila ukifika hapo. Ni wa bei ndogo. Bomba la kuingiza maji nalo lifungwe vali ya boya, tenki likijaa maji yajifunge yenyewe. Kazi hizo mbili anaweza kuzimaliza kwa siku moja, na kwa maoni yangu zifanyike hata kabla ya kwenda dukani, maana hakuna ngazi iliyo salama kuliko ile ambayo hukulazimika kuipanda.

Baada ya hapo tuje kwenye urefu. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa, na si kwa uzembe.

Ngazi ya kuvuta ina vipande viwili. Cha chini kinasimama ardhini. Cha juu kinapandishwa kwa kamba inayopita kwenye kapi, kisha kinashikiliwa na ndoano mbili zinazonasa juu ya vidato vya kipande cha chini. Ngazi za mtindo wa Marekani hupewa jina kwa kujumlisha vipande vyote viwili: futi 16 ni vipande viwili vya futi 8. Lakini vipande hivyo havivutwi mpaka viachane. Lazima vilaliane, na kwa ngazi za ukubwa wa nyumbani vinalaliana futi 3. Basi ya futi 16 inakupa futi 13, ya futi 20 inakupa 17, ya futi 24 inakupa 21. Zile za mtindo wa Ulaya huandikwa kwa mita, na baadhi hutajwa kwa idadi ya vidato vya kila kipande. Kwa sababu ya mchanganyiko huo usinunue kwa kusoma lebo peke yake. Mwambie muuzaji aivute mpaka mwisho hapohapo dukani, nawe uipime kwa tepu yako. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

Nyumbani pima sehemu tatu: gata ya mbele, gata ya nyuma pale ardhi iliposhuka zaidi, na jukwaa la tenki. Pima kutoka ardhini, mahali miguu ya ngazi itakaposimama, wala si kutoka juu ya baraza. Mtu asipande ili kupima. Funga ncha ya tepu kwenye mti mrefu uinue, au kama ukuta wa nyuma haujapigwa plasta, pima kozi moja ya tofali pamoja na udongo wake halafu uhesabu kozi.

Tuseme gata ya nyuma imetoka mita 3.4, kimo cha kawaida kwa nyumba iliyo kwenye mteremko kama yenu. Ngazi haisimami wima. Kwa kila mita nne za kwenda juu, miguu inakaa mita moja nje, na hiyo inaipa mwinamo wa karibu nyuzi 75. Kwa mita 3.4, miguu itakaa sentimita 85 kutoka usawa wa gata, na ngazi itatumia mita 3.5 mpaka kuifikia. Hapo ongeza mita moja ya kupita juu ya gata. Mita hiyo si ya anasa. Vidato vitatu vya juu kabisa ni vya kushika, si vya kukanyaga, na bila mita hiyo anayezibua gata atajikuta amesimama juu kabisa akiwa hana cha kushika mbele ya kifua chake. Umefika mita 4.5. Ngazi ya futi 16 ikivutwa mpaka mwisho haifiki hata mita 4. Haikufai, ingawa lebo yake inasomeka karibu mita 5.

Jukwaa la tenki, kama kweli ni mita 4, linataka mita 4.1 za ngazi kulifikia na mita moja ya ziada, jumla 5.1. Ile ya futi 20 ikivutwa inatoa karibu mita 5.2. Imebana, lakini inatosha, na inatosha pia kwa gata pande zote mbili. Utashawishika kuchukua ya futi 24 ili upate nafasi zaidi. Kama vipimo havikulazimishi, usiichukue. Ngazi inavyorefuka ndivyo inavyozidi uzito na ndivyo inavyokuwa ngumu kuisimamisha, na watu wengi huumia wakati wa kuisimamisha, hata kabla ya kupanda kidato cha kwanza. Ya futi 20 ikifungwa ina urefu wa mita 3 na kidogo, italala vizuri kwenye ukuta wa baraza.

Uzito inaoweza kubeba umeandikwa ubavuni mwa ngazi, na hapo usikubali kubahatisha. Kwa viwango vya Marekani daraja la chini kabisa, la 3, hubeba pauni 200, yaani kilo 90. Linalofuata ni kilo 102, kisha 113, kisha 136. Kiasi hicho ni cha mtu pamoja na nguo, viatu, nyundo na ndoo yake. Mtu wa kilo 94 akiwa na vifaa vya kilo 10 ameshapita madaraja mawili ya kwanza. Kwa nyumba yenu nataka ya kilo 136. Ikiwa ni ya kiwango cha Ulaya, tafuta maandishi EN 131. Hiyo hubeba hadi kilo 150, na tangu kanuni zake zilipobadilishwa mwaka 2018, ngazi ya kuegemeza inayozidi mita 3 hutakiwa kuwa na kitako kipana au mti wa kukinga chini ili isipinduke kando. Ukiiona EN 131 kwenye ngazi ndefu isiyo na kitako cha aina hiyo, muulize muuzaji maswali zaidi.

Sasa alumini au faibaglasi. Kwa nyumba nyingi ningesema chukua alumini: ni nyepesi, haioti kutu, na pesa inayobaki inanunua kamba nzuri ya kuifungia. Kwenu ninasema hapana, kwa sababu ya sentensi moja uliyoiandika mwishoni kama jambo dogo, ile ya waya wa umeme kwenye kona ya tenki.

Umeme unaoingia nyumbani ni volti 230, na huo peke yake unaua. Alumini inapitisha umeme bila kizuizi. Ngazi ya mita 5 mikononi mwa mtu mmoja hulemea upande, na ikianza kulemea hakuna nguvu ya kuirudisha. Itaangukia popote ndani ya mita 5 kutoka alipo. Waya wa zamani uliopigwa na jua kwa miaka mingi, ganda lake la plastiki hupasuka, na kutoka chini huwezi kuona. Kuna nyumba ambazo pembeni yake pia zinapita nyaya za volti 11,000 au 33,000 kwenye nguzo za barabarani, na hizo umeme wake unaweza kuruka hewani hata kabla ngazi haijazigusa.

Nguzo za pembeni za faibaglasi hazipitishi umeme zikiwa safi na kavu. Angalia masharti hayo mawili, safi na kavu. Ikilowa mvua au ikitapakaa tope, usiitegemee. Vidato vyake pia kwa kawaida ni vya alumini. Kwa hiyo faibaglasi haimpi mtu ruhusa ya kugusa waya. Inampa nafasi ya pili endapo mambo yataharibika. Kanuni ni kukaa mita 3 mbali na waya wowote wa umeme, kwa ngazi ya aina yoyote. Na kwa kuwa kona yenu haiachi mita 3, fanya jambo jingine: nenda ofisi ya TANESCO ueleze kwamba waya unaingilia mahali pa kazi, uombe mahali pa kuingilia pahamishwe. Mpaka wafike, kona hiyo isiegemezwe ngazi yoyote. Kama jukwaa linafikika kwa upande wa pili ulio mbali na waya, sawa. Kama halifikiki, tenki lisubiri.

Faibaglasi ina mzigo wake. Ya futi 20 hukaribia kilo 18, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Jua kali nalo huichosha. Ikiachwa nje mwaka hadi mwaka uso wake hufifia, nyuzinyuzi huanza kuchomoza na kuwasha mikono. Ikikaa kivulini itadumu.

Ile ya kujiingiza ndani, aliyokusukumia muuzaji, ina mahali pake. Mtu anayeishi kwenye fleti, anayebadilisha taa na kutundika pazia, itamfaa. Kwa gata na tenki lako siitaki. Kila kidato chake kina kufuli zake mbili, na zote lazima zijifunge sawasawa ndipo isimame. Vumbi na mchanga vikiingia, moja ikigoma, ngazi inashuka na vidole vikiwa katikati. Hupinda zaidi chini ya mtu mzito kadiri anavyopanda. Na ni alumini tupu, kwenye nyumba yenye waya pale ulipo.

Dukani nenda na Baba Zawadi. Hilo ni la lazima, na nitakueleza sababu. Mkifika, ivuteni wenyewe mara kadhaa. Ndoano zote mbili zinase kwa pamoja na mlio usikike pande zote mbili. Ikinasa moja na nyingine ikabaki nyuma, iacheni. Shika kila kidato ukizungushe kwa mkono: kisizunguke. Laza ngazi, chuchumaa kwenye ncha moja utazame nguzo kwa urefu wake, uone kama imepinda. Tazama riveti moja moja. Miguu iwe na soli nene za mpira zinazochezacheza ili zikae bapa ardhini. Kamba isiwe imechanika wala kapi kugoma. Kwenye faibaglasi pitisha kiganja polepole, kwa sababu ufa mwembamba huhisiwa kabla haujaonekana. Mzee aliyejenga nyumba yake mwenyewe atayaona haya haraka kuliko wewe, na hata kuliko muuzaji.

Hapo nimefika kwake.

Mtu anayeshika ukuta akiinuka kitandani hatakiwi kuwa juu ya ngazi. Baadhi ya dawa za presha hufanya presha ishuke kwa ghafla mtu anaposimama, kichwa kikawa chepesi kwa sekunde chache. Chumbani sekunde hizo ni kushika ukuta. Kwenye kidato cha kumi ni jambo jingine. Asiache dawa, tafadhali, asiache hata siku moja kwa ajili ya ngazi. Aende kliniki aeleze kwamba anapata kizunguzungu akiinuka, na aeleze mwenyewe, maana wanaume wengi hukaa miaka na dalili hiyo bila kumwambia daktari kwa kuwa hawakuulizwa. Huenda dozi itabadilishwa au muda wa kumeza utahamishwa. Mpaka daktari aseme, asipande ngazi yoyote, hata ile fupi ya jikoni.

Basi nani atapanda? Atapanda fundi mtakayemwita, au kijana wenu akija likizo, au kijana wa jirani mnayempa chochote. Na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Ulikuwa unaiona ngazi kuwa ya mume wako, kwa hiyo kuinunua kunakuwa kumruhusu. Mimi naiona kuwa ya nyumba. Unajua jinsi mafundi wetu wanavyokuja: na nyundo, na msumeno, na mara nyingi bila ngazi. Watauliza, "Mama, hapa hakuna ngazi?" Wakikuta ya mirunda watapanda ya mirunda. Wakikosa, watapandanisha meza na ndoo, au watagonga mbao mbili kwa haraka. Kijana wa watu akianguka uani kwenu, yule mliyemwita na kumwonyesha pa kupanda, hutalala usiku huo. Kwa hiyo nyumba yenye gata na tenki inastahili ngazi ya kweli hata kama mwenye nyumba hapandi tena.

Baba Zawadi usimwambie amezeeka. Anapanda kwa sababu nyumba ni kazi ya mikono yake, na kila unapomzuia anasikia kwamba kazi hiyo imechukuliwa. Mpe ngazi iwe chini ya usimamizi wake. Achague yeye dukani. Aikague yeye kabla ya kila matumizi, na akisema leo haipandwi, haipandwi. Asimame yeye chini akitazama, na fundi asipande mpaka yeye aridhike. Hiyo si kazi ya kumliwaza. Ngazi inahitaji mtu anayejua, na wanaoanguka wengi wao hawakuwa na mtu wa kuwaambia miguu imekaa vibaya.

Ayajue basi haya, umsomee. Ngazi isimamishwe ikiwa imefungwa, watu wawili, miguu ikizuiwa, kisha ndipo ivutwe. Kupima mwinamo, asimame na ncha za viatu zikigusa miguu ya ngazi, anyooshe mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikikifikia kidato bila kujinyoosha wala kukunja viwiko, imekaa sawa. Udongo ukilowa huteleza na kuzama, kwa hiyo baada ya mvua wasubiri ukauke, na hata ukiwa mkavu waweke ubao mpana na mzito chini, ubao ambao hautelezi. Ngazi isiegemee gata ya plastiki, itapasuka. Dukani muulizie vile vyuma vya kufunga juu vinavyoiegemeza ukutani au kwenye bati na kuiacha gata nafasi. Kichwa cha ngazi kifungwe kwa kamba mahali imara. Anayepanda asibebe ndoo mkononi, aivute kwa kamba akishafika. Kitovu chake kisitoke nje ya nguzo mbili. Akitaka kufikia mbali zaidi ashuke, ngazi isogezwe. Najua kushuka na kupanda tena kunachosha. Hapo pa kujinyoosha kidogo ndipo watu huangukia. Na asitoke kwenye ngazi kwenda kutembea juu ya bati. Kazi ya gata inaishia kwenye gata.

Ikitoka kazini ipanguswe, ilazwe chini ya baraza kwenye vyuma vitatu vilivyopigwa ukutani, ifungwe kwa mnyororo na kufuli. Ngazi iliyoachwa uani usiku mwizi hahitaji ya kwake.

Majirani watakuja kuazima, na Morogoro kumnyima jirani ngazi ni jambo gumu. Azimisheni, lakini ngazi iende na Baba Zawadi mwenyewe, akaone inasimama wapi na nyaya ziko wapi, na ikirudi aikague upya vidato na kamba.

Kuhusu pesa ya kijana: ikiwa haitoshi faibaglasi kwa sasa, itumieni kwa mpira wa tenki na vali ya boya, ombi la TANESCO lianze, na ngazi ingoje akiba ijae. Kuchukua fupi au nyembamba ili tu kitu kiwepo ni kurudi mlikotoka.

Nisalimie mzee. Na tafadhali hiyo mita 4 ya jukwaa usiiache kwenye kukisia. Ikizidi hata kwa sentimita 10 baada ya kupimwa, ya futi 20 haitoshi pale, nawe utalazimika kuchagua kati ya futi 24 na kulishusha jukwaa. Niandikie vipimo vyote vitatu kabla hujalipa.